Kuku wa Stesheni ya Kisaki

Martina alishuka na habari njema kutoka Mhangile, kitongoji kilicho juu kabisa ya Mkuyuni. Alishuka nayo kwa pikipiki hadi barabarani, akapanda nayo gari hadi mjini Morogoro, na njia nzima alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu. Mjomba Benedikto amekubali. Baada ya kukataa kwa miaka, amekubali mshenga wa Shukuru apande mlima.

Kwa Waluguru baba humpenda mtoto, mjomba ndiye humwoza. Mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama yake, na ukoo huo anayeusemea ni kaka wa mama. Baba yake Martina alikuwa hai, mzima, mcheshi, lakini kwenye habari ya ndoa ya binti yake alikuwa na sauti kama ya jirani tu. Neno lilikuwa la Benedikto, na Benedikto alikuwa na sababu mbili za kumchukia Shukuru. Ya kwanza, ya miaka yote, ni siasa: mmoja chama hiki, mwingine chama kile, na safari hii walikuwa wamegombea udiwani wa kata moja. Ya pili tutaifikia, haikimbii.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa umekwisha wiki iliyotangulia, na wote wawili walikuwa wameanguka. Walipokuwa wanarushiana maneno kule milimani, kiti kilichukuliwa na Victor, mwenye mashine ya kusaga kule bondeni, mtu mpole ambaye kampeni nzima kazi yake ilikuwa kuamkia wazee na kuulizia mahindi ya watu.

Sasa Martina akawa amesimama Mafiga, mlangoni kwa Editha, dada yake Shukuru.

"Hodi hapa!"

Editha alikuwa barazani anapepeta mchele. Aliinua macho, akayarudisha kwenye ungo.

"Karibu, dada Martina."

Dada. Mwezi uliopita ilikuwa wifi, tena wifi ya kuvutwa, na mikono miwili ya kupokea mzigo. Martina alilisikia neno lile likimwingia kama maji baridi mgongoni, lakini hakuacha kutabasamu.

"Hujambo, wifi?"

"Tupo. Yuko nyuma ya nyumba. Ukimkuta anaongea peke yake usishtuke, anahutubia."

"Anamhutubia nani?"

"Karatasi zake. Nenda tu, njia unaijua."

Shukuru alikuwa ameketi kwenye kigoda kati ya magunia ya mdalasini. Hiyo ndiyo kazi yake siku zote: hununua mdalasini, karafuu na pilipili manga kwa wakulima wa milimani, akauza sokoni mjini. Na hiyo ndiyo iliyowakutanisha. Martina alikuwa na cherehani yake pale Mkuyuni. Siku moja Shukuru akaingia na suruali iliyochanwa na misumari ya gari, akasubiri ishonwe, na ilipokwisha kushonwa akaendelea kusubiri.

Leo alikuwa na mkasi. Picha zake za kampeni zilizobaki zilikuwa rundo kubwa ubavuni, na alikuwa anazikata vipande ili afungie mdalasini wa kuuza rejareja. Uso wake ule wa kwenye karatasi, unaocheka na meno yote, ulikuwa umetapakaa uani: hapa jicho, pale kidevu, pale nusu ya mdomo.

Alimwona Martina. Macho yakatulia juu yake, kwa muda mfupi yakawa yale yale ya zamani, macho ya mtu anayesubiri suruali iliyokwisha kushonwa. Kisha yakajifunga. Martina aliyaona yakijifunga.

"Umekuja," alisema Shukuru.

"Nimekuja. Hata pole ya safari sipewi?"

"Pole ya safari. Kaa. Si hapo, utanikalia uso."

Martina alicheka, akaiondoa ile karatasi, akakaa. Shukuru hakucheka.

"Shukuru, mjomba amekubali."

Mkasi ukasimama katikati ya paji la uso.

"Amekubali nini?"

"Mshenga. Jumapili baada ya misa. Amesema Mzee Yunusi aje, na aje na mwenzake wa kumsaidia kula, maana atachinja."

Kule barazani Editha alikuwa ameacha kupepeta.

"Hunijibu?"

"Nakusikia," alisema Shukuru. "Hebu nikuulize kitu kwanza. Mhangile nilipata kura ngapi?"

"Shukuru, nakuambia habari ya posa..."

"Na mimi nakuuliza habari ya Mhangile. Wewe ndiko ulikopigia. Pale shuleni. Nilipata ngapi?"

"Unajua."

"Nimesimuliwa. Nataka niisikie kwa mdomo wako. Wakala wangu ameniambia yule mwalimu msimamizi alitoka nje ya darasa akawasomea watu. Akasoma za Benedikto. Akasoma za Victor. Alipofika kwangu akakohoa. Mtu mgeni, katoka mkoa mwingine, hanijui, ila alinionea huruma akakohoa kwanza. Alisema ngapi?"

Martina alitazama mikono yake.

"Sifuri."

"Haya."

Aliendelea kukata. Kisha akasema, taratibu, bila kumtazama:

"Mimi nilijua naanguka, Martina. Mapema tu nilijua, watu wananipigia makofi huku wanaangalia pembeni. Sikuwa nangoja udiwani. Nilikuwa nangoja Mhangile. Nilimwambia wakala wangu, wewe usihesabu za watu, angalia tu kama kuna moja. Ikiwepo moja, nipigie. Nikakaa pale Mkuyuni na soda mezani, sijaifungua, nangoja kusikia moja ili niinywe."

"Shukuru..."

"Ngoja. Akapita Mwanahawa, yule muuza ndizi, mtani wangu. Akasema kwa sauti yake ile, 'We Shukuru, si ulituambia una mchumba kule juu? Au mchumba mwenyewe hakujiandikisha?' Soko zima likaanguka kicheko. Na mimi nikacheka, maana mtani huwezi kumnunia. Halafu nikaenda nyuma ya duka nikalia kama mtoto. Sasa unakuja kuniambia Benedikto atachinja. Atachinja nini tena? Mimi si nimeshachinjwa?"

"Sikukupigia kura ili nikupate," alisema Martina.

"Rudia."

"Nimesema sikukupigia ili nikupate. Ndiyo ilikuwa bei yake."

"Uliniapia. Ulisema hata kata nzima ikinikataa, moja yako ipo."

"Nilikuapia kabla hujashika kipaza sauti pale Mkuyuni."

Hapo Shukuru akainamia karatasi zake. Ndiyo ile sababu ya pili.

Zamani, Martina akiwa mdogo, mke wa mjomba Benedikto, jina lake Lucy, aliaga kwamba anakwenda kuwaona ndugu zake Mlimba. Benedikto akamsindikiza hadi Kisaki, akampakia kwenye treni, akampungia mkono. Lucy hakurudi. Hakuandika, hakutuma mtu. Benedikto akawa kila akipata nafasi anashuka tena Kisaki siku ya treni, na kuku wa kuchoma aliyefungwa kwenye jani la mgomba, kwa sababu Lucy alikuwa anapenda kuku wa kuchoma na angeshuka na njaa. Treni inakuja, watu wanashuka, treni inaondoka. Benedikto anarudi mlimani na kuku wake. Watu wazima waliambiwa amekwenda kutafuta biashara ya samaki. Yule kuku waliachiwa watoto, na watoto hawakujua lolote, walikuwa wanaomba mjomba aende Kisaki kila siku.

Martina alikuja kuelewa akiwa msichana mkubwa. Alimsimulia mtu mmoja tu duniani, mchana mmoja wa mvua, kichwa chake kikiwa kifuani pa mtu huyo, na alilia wakati anasimulia. Na mtu huyo alimfuta machozi.

Mtu huyo huyo, kwenye mkutano wa kampeni, watu wamejaa na vijana wamepanda mitini, alisema: "Ndugu zangu, huyu mzee alimngoja mkewe stesheni ya Kisaki na kuku mkononi mpaka kuku akachoka kungoja. Leo anawaambia mngoje barabara! Basi mjiandae na kuku!"

"Ulikuwa mzaha wa jukwaani," alisema Shukuru sasa, sauti imeshuka. "Walikuwa wamenizidi kelele. Neno lilitoka tu."

"Halikutoka tu. Nililiweka mimi, ukalichukua. Unajua ilikuwaje baadaye? Kila mjomba akisimama kuhutubia, nyuma kuna mtu analia kama kuku anayetaga. Kila kijiji. Mzee anaanza, 'Ndugu wananchi', watu wanalia kama kuku. Watoto wa shule wakimwona njiani wanapiga mabawa. Hakushindwa na Victor yule. Alishindwa na kuku."

"Alikuuliza kama ni wewe?"

"Heri angeuliza. Aliniangalia tu. Waliomla yule kuku wote wameolewa mbali, nimebaki mimi. Aliniangalia, akaingia ndani, akavua viatu."

Harufu ya mdalasini ilikuwa nzito uani, ile harufu ambayo Martina alizoea kuikuta kwenye shati la Shukuru.

"Siku moja kabla ya kura akaniita jikoni. Akasema, 'Martina, kijana wako nitampokea. Lakini alinivua nguo mbele ya watu, na mimi nataka avuliwe mara moja tu, mbele ya watu, kwa sauti. Mhangile ni nyumba yangu. Wote nimewaambia wamenikubalia, umebaki wewe. Ikisomwa hata moja yake nitajua ni ya nani, na mshenga wake asikanyage mlima huu maadamu niko hai. Isiposomwa hata moja, tumelipana. Tutaanza upya, yeye mkwe na mimi mkwe.' Ndivyo alivyosema. Na jana amenitimizia, wala sikumkumbusha."

"Na wewe ukasema ndiyo mjomba."

"Niliingia mle ndani. Ile karatasi ina picha yako, Shukuru, hiyo hiyo unayoikata, unanichekea. Nikasema moyoni, nikiweka alama hapa nampa kura moja, haimfikishi popote. Nikiweka pale nampa mke. Wewe ungeweka wapi?"

"Ningekuuliza kwanza."

"Ningekuulizaje? Kampeni nzima simu yako anapokea dereva! 'Mheshimiwa yuko jukwaani, dada, mheshimiwa anakula, dada.' Mheshimiwa!"

Kule barazani Editha alitoa sauti, haikujulikana kama ni kikohozi au kicheko.

Shukuru aliuweka mkasi chini. Akanyoosha mkono, akashika vidole vya Martina, na kwa muda wakakaa hivyo, vumbi jekundu la mdalasini likiwaganda viganjani. Martina akafikiri: sasa. Sasa atasema twende. Alikuwa tayari kusamehe vyote viwili, kuku na kicheko, angalau kwa siku ya leo; ya kesho yangeonekana kesho.

"Nakupenda," alisema Shukuru. "Hilo usiliweke kwenye hesabu, lipo. Ila kila nikikutazama namsikia yule mwalimu anakohoa."

"Na mimi kila nikikutazama nasikia watu wanalia kama kuku. Lakini nimepanda gari nimekuja."

"Wewe una moyo mkubwa."

"Sina moyo mkubwa. Nina wewe tu, sina mwingine."

Shukuru aliuachia mkono wake polepole.

"Nataka nimpigie magoti Benedikto," alisema. "Naweza. Kosa ni langu, nitaliomba radhi. Lakini nikae kwenye mkeka wake, ananipa paja la kuku, na mimi najua na yeye anajua na mke wangu anajua ile sifuri ilikuwa mahari? Nitalila vipi lile paja?"

"Utalila kama watu wanavyokula. Unafungua mdomo."

"Nipe mpaka Jumapili."

"Mzee Yunusi atapanda?"

"Nikiweza nitamtuma."

"Na usipoweza?"

Shukuru aliokota vijiti vya mdalasini, vile vizuri, vyembamba, akavifunga kwenye kipande cha karatasi, akakunja pembe kama anavyowakunjia wateja.

"Mpelekee mjomba. Wa chai."

Martina alipokea. Kwenye kifungashio lilikuwa jicho moja la Shukuru, linacheka. Alipotoka barazani Editha alikuwa amesimama, ungo ubavuni.

"Martina," alisema, safari hii bila dada na bila wifi. "Kaka yangu ni mjinga. Ila na wewe moja tu, mwenzangu. Moja tu ingekugharimu nini?"

"Ingenigharimu yeye," Martina alijibu, akaenda zake.

Jumapili ilipofika mjomba Benedikto alirudi kutoka misani akiwa na koti lake la harusi, lile lenye vifungo vya rangi mbili. Akamkamata jogoo mwenyewe. Hakutaka achemshwe, alisema mgeni wa posa anachomewa. Akakaa jikoni na mashemeji wanashangaa, mwanaume mzima anageuza kuku juu ya makaa, anapaka ndimu na chumvi, anapuliza moshi machoni. Martina alitandika mkeka mpya. Baba yake alifika mapema, akapewa kiti cha pembeni, akakaa kwa adabu kama mgeni aliyealikwa na mgeni. Chai ya mdalasini ikawekwa kwenye chupa.

Mtu aliyekulia mlimani anajua pikipiki kwa sauti tangu inaacha barabara. Kila moja iliyopanda, Martina aliisikia ikihangaika kwenye kona ya kwanza, ikipumua kwenye daraja, ikaishia kwa watu wengine. Alikuwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe kwa ajili ya siku hii, tena miaka miwili nyuma, na alikuwa amelipanua kidogo kiunoni.

Mchana ukageuka. Moja ikapanda bila kuishia popote. Ikaja mpaka uani. Martina alisimama, mkono kifuani.

Alikuwa Victor, diwani mpya, amekaa nyuma ya dereva na kofia ya chama mkononi.

"Shikamoo, Mzee Benedikto."

"Marahaba, mheshimiwa."

"Napita kuwashukuru wananchi. Hata huku nilipata vikura viwili vitatu, si haba." Akaona mkeka, chupa ya chai, koti. "Naona mna wageni."

"Tunawangoja."

"Basi nisiwacheleweshe."

Aliondoka. Baba yake Martina akatazama jua, akasema amekumbuka mbuzi wake, akaaga. Mashemeji wakatawanyika mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake, hakuna aliyesema sababu yenyewe. Simu ya Martina ilikuwa mkononi muda wote. Haikulia, na yeye hakupiga. Alijua akipiga itapokelewa na Editha.

Wakabaki wawili, mjomba na mpwa, na sinia katikati. Benedikto alifunua kawa. Mafuta ya kuku yalikuwa yameganda meupe pembeni.

"Kuku huyu namfahamu," alisema.

Martina akaanza kulia.

"Mjomba, nilifanya kama ulivyosema."

"Najua. Nilisikia inasomwa." Akapangusa kifungo cha koti kwa kidole gumba. "Wewe umetimiza, na mimi nimetimiza. Ningejua, ningeacha isomwe moja. Moja isingeniua."

"Usiseme hivyo sasa, mjomba. Usiseme sasa."

"Haya, sisemi." Akavunja paja, akamwekea mpwa wake mkononi. "Unajua wale kuku wa Kisaki mimi sikuwahi kuwaonja? Hata kidole kulamba. Nilikuwa najiambia, nikionja nimekubali kwamba hakuja. Nikawapa ninyi. Nikarudi tena, na tena, mpaka nimezeeka. Wewe usifanye hivyo. Kula, mwanangu. Kula huyu huyu leo, uamke kesho umeshiba."

Martina alilitazama lile paja. Bondeni kule Mkuyuni kulikuwa na mngurumo mdogo, mbali sana, labda wa gari, labda wa mashine ya kusaga.

"Labda pikipiki imeharibika njiani," alisema. "Ile njia baada ya mvua, mjomba. Mzee Yunusi naye si kijana."

Maneno kama hayo Benedikto alikuwa ameyasema yeye mwenyewe, mbele ya mkuu wa stesheni, mara zisizo na idadi.

Martina alilirudisha paja kwenye sinia, akalipanga pale lilipokuwa, likawa kama halijavunjwa.

"Nitamngoja kidogo," alisema.

Mjomba wake akachukua kawa, akampa.

"Funika vizuri, basi," alisema. "Kuna nzi."